Saa Ingojayo Watu

Katika miaka yangu ya ualimu nimewaita vijana wengi waongo, na wengi wao walistahili jina hilo. Mmoja hakustahili. Naye hakuwa mwanafunzi wangu, bali mtoto wa dada yangu mwenyewe, aliyelelewa katika nyumba ambamo uongo haukupata hata mahali pa kuketi. Nilimwita mwongo usiku wa manane, mama yake akisikia, kwa sababu ya dakika kumi. Jambo lenyewe ni dogo likisimuliwa upesi. Lakini nimeona afadhali nilisimulie polepole, kwa kuwa ndani yake mna mtambo wa ajabu ambao sikuujua, na kwa kuwa hesabu iliyonitia hatiani ilikuwa hesabu ya shule ya msingi.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akikaa kwangu Mombasa huku akingoja kwenda chuo kikuu. Mchana alifanya kazi katika duka la kutoa nakala za karatasi, na ujira wake hakuufuja. Usiku alikaa mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa fedha zake, akicheza mchezo uitwao EVE Online. Niliuchukia mchezo huo kwa chuki kamili, yaani chuki ya mtu asiyeujua.

Yafaa nimweleze msomaji ni mchezo gani. Ulitungwa Iceland, kisiwa cha baridi chenye watu wasiofika 400,000, na kampuni iitwayo CCP iliyoanzishwa katika mji wa Reykjavík mwaka 1997. Waanzilishi hawakuwa na fedha za kutosha kwa kazi waliyoikusudia. Basi wakatunga kwanza mchezo wa ubaoni, uitwao Hættuspil, wakawauzia watu wa kisiwani kwao, na mapato yake yakawasaidia kuutengeneza ule wa angani. EVE Online ilifunguliwa tarehe 6 Mei 2003. Ndani yake kila mtu ni nahodha wa merikebu isafiriyo baina ya nyota. Atakaye huchimba madini katika mawe yaeleayo angani. Atakaye hufanya biashara. Atakaye huunda merikebu na kuziuza. Na atakaye hupigana. Karibu kila chombo kinachoruka humo kimeundwa na mchezaji fulani, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine, na bei yake imepatikana sokoni kwa kuvutana baina ya muuzaji na mnunuzi. Kikivunjwa, kimevunjika, hakirudi kesho asubuhi kikiwa kizima kama virudivyo vitu vya michezo mingine.

Usiku ninaousema, dada yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Malindi. Niliamka saa saba kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wa kijana. Nikaufungua. Alikuwa amevaa visikilizio masikioni, macho yameganda kwenye kioo. Nami nikatazama nione ni kitu gani kilichomnyima usingizi. Niliona weusi wa anga, na katika weusi huo mamia ya alama ndogo, nyekundu na buluu, zisizokwenda mahali. Kombora moja lilikuwa likitoka upande mmoja kwenda upande wa pili kwa mwendo wa konokono. Nilidhani mashine imeharibika, na kwamba kijana anakesha akitazama picha iliyokwama.

"Lala," nikamwambia. "Umeme huu unalipiwa."

"Samahani, Mjomba," akasema, akivua kisikilizio kimoja. "Naomba dakika kumi tu. Ngome yetu inashambuliwa, nayo imebakiza dakika kumi. Zikipita salama imeokoka, nami nitalala."

Ombi lilikuwa la adabu, nikalikubali. Nilirudi kitandani, lakini usingizi ulikuwa umekwisha ruka. Nikaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi zikapita, nikampa nyingine kumi za hisani. Na baada ya hizo zikapita nyingine kumi za hasira. Nusu saa ilipotimia nikarudi. Alama zilikuwa pale pale.

"Bado dakika ngapi?"

"Saba, Mjomba."

Damu ilinipanda. Mtu aliyeomba dakika kumi amepewa thelathini, na bado anadai saba! Nilimwambia kuwa ni mwongo, na kwamba uongo wake hauna hata akili. Kisha nikaenda ukumbini, nikashusha swichi kuu. Nyumba nzima ikaingia giza. Katika giza hilo nilimsikia dada yangu akiuliza kumetokea nini, nami nikamjibu, kwa sauti ya kusikiwa na majirani, kwamba mwanawe amejifunza uongo nyumbani kwangu na mimi sitauvumilia.

Kijana hakusema neno. Kwa siku tatu hakunipa ila salamu na majibu ya lazima. Mama yake alirudi Malindi bila ya kuniaga kwa uchangamfu aliouzoea, nami nikajifanya sikuona. Siku ya nne, niliporudi kutoka sala ya alasiri, nilikuta karatasi ya daftari mezani pangu, imewekewa juu yake kalamu yangu nyekundu. Ilikuwa na mistari miwili ya hesabu:

30 × 1/10 = 3

10 − 3 = 7

Na chini yake: "Naomba Mjomba anisahihishie."

Niliisahihisha, kwa mazoea. Kuzidisha kulikuwa sawa, na kutoa kulikuwa sawa. Lakini nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu nikiitazama ile sehemu moja ya kumi. Imetoka wapi? Mwalimu wa hesabu anaweza kumdharau kijana, lakini hawezi kuidharau nambari ambayo haijui asili yake. Nikamwita.

Alikuja na kompyuta yake, akaketi mkekani, akanieleza kwa muda uliokaribia magharibi. Nayaandika hapa niliyoyapata siku hiyo, pamoja na mengine niliyoyatafuta mwenyewe baadaye, kwa maana baada ya siku hiyo sikupenda tena kuhukumu nisilolijua.

Michezo mingi ichezwayo na watu wengi kwa njia ya intaneti hutumia hila ambayo sisi walimu tunaijua vyema. Wanafunzi wakizidi katika kidato, shule huwagawa katika mikondo: kitabu ni kimoja, somo ni moja, lakini aliye mkondo huu haketi na aliye mkondo ule. Vivyo hivyo wenye michezo hufanya nakala nyingi za ulimwengu mmoja, na kila nakala huingizwa watu inaoweza kuwabeba. Ni hila nzuri isiyo na aibu. Watu wa Iceland waliikataa. Walitaka ulimwengu mmoja tu, ambao mtu wa Brazil akimnyang'anya mtu wa Poland mzigo wake, habari hiyo iwe kweli kwa kila mtu, na bei ya mzigo huo ibadilike katika soko moja. Isipokuwa wachezaji wa China, ambao wamewekewa ulimwengu wao mbali, wote waliobaki wanaishi chini ya anga moja, inayobebwa na mkusanyiko wa kompyuta uitwao Tranquility, ambao kwa miaka mingi umekaa London.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba injini ya mchezo wa namna hii ina pande mbili. Upande mmoja umo katika kompyuta ya mchezaji. Huo ndio uchorao nyota, mawingu ya rangi na miali ya mizinga, na ndio tunaowalaumia vijana kwa kuutumbulia macho. Upande wa pili uko London, nao hauchori chochote. Huko hakuna nyota wala rangi. Kuna nambari tu: merikebu fulani iko hapa, inakwenda huku, kwa kasi hii, imebakiza nguvu kadha. Nakiri kwamba niliposikia hivyo moyo wangu ulianza kulainika. Nilikuwa nimezima umeme juu ya hesabu.

Katika hesabu hizo vitu vingi ni matufe. Merikebu yenye mabawa na minara, na jiwe lenye ncha, huhesabiwa kama mipira yenye kitovu na nusu kipenyo, kwa maana ni rahisi kujua kama mipira miwili imegusana. Nayo mipira hiyo haiendi kama vitu vya angani. Nahodha akizima injini, chombo hupunguza mwendo na kusimama, kama mashua iliyoshusha tanga. Nililipinga jambo hilo kwa ukali. Nilimkumbusha kijana kanuni ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kisichozuiwa na nguvu yoyote huendelea na mwendo wake, na angani hakuna maji ya kukizuia. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Ndiyo, Mjomba, waliiandika anga yao kama bahari." Mimi mtu wa pwani ningewezaje kuendelea kubisha? Juu ya hayo, kuna faida. Kompyuta ya mchezaji na ile ya London zote zinajua kanuni hizo hizo za mwendo. Kwa hiyo London haina haja ya kupeleka kila hatua ya kila chombo. Hupeleka amri tu, kwamba nahodha fulani ameelekea mlango fulani, na kompyuta ya kila mmoja hukokotoa njia na kufikia jibu lile lile.

Hesabu ya London hufanywa mara moja kwa kila sekunde. Maagizo yote yaliyofika katika sekunde hiyo hushughulikiwa pamoja, dunia yote ya mchezo husogea hatua moja, kisha hungojwa sekunde nyingine. Kwa mchezo wa vita, sekunde nzima ni muda mrefu. Iko michezo inayofanya hesabu mara kumi na zaidi katika sekunde. Lakini fikirini sisi tulioko mbali. Nyaya za kioo za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tukichukua njia ya kilomita 10,000 mpaka Ulaya, neno huenda kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde na jawabu hurudi kwa kiasi hicho hicho. Tuongeze kucheleweshwa njiani katika mitambo ya kupokezana, na bado hatujaimaliza hata robo ya sekunde. Basi amri ya kijana wa Mombasa na amri ya kijana anayeishi mtaa ule ule wa seva aghalabu huingia katika sekunde moja, na huhesabiwa katika mkumbo mmoja. Katika mchezo wenye haraka zaidi, jirani wa seva angetushinda kila siku kwa sababu ya ujirani tu.

Ulimwengu mmoja, hata hivyo, hauwezi kuhesabiwa na kompyuta moja. Anga ya mchezo imegawanywa katika mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, kila mmoja ukiwa na jua lake, na mtu hutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa kupita milangoni. Kila mfumo hukabidhiwa programu moja ya kuuhudumia. Mifumo mikiwa, isiyopitiwa na watu, hukusanywa mingi chini ya mhudumu mmoja. Mfumo wenye soko kuu, uitwao Jita, hupewa mhudumu wake peke yake. Nyuma ya wahudumu wote iko hifadhidata, ambayo ni daftari la mali zote: nani ana nini, wapi, na alikipataje.

Wahudumu hao waliandikwa katika lugha ya kompyuta iitwayo Stackless Python. Uzuri wake ni kwamba kazi kubwa hukatwa vijikazi vidogo vidogo kwa maelfu, na kila kijikazi kinapolazimika kungoja jambo fulani hukaa kando bila ya gharama kubwa na kukipisha kingine. Ni kama mwalimu asahihishaye madaftari arobaini: akikuta mwandiko usiosomeka huliweka daftari kando, huchukua jingine, na hulirudia lile mwenyewe akifika. Kazi haisimami. Lakini msomaji aliona kasoro? Mwalimu ni mmoja, na kalamu ni moja. Vijikazi hupokezana upesi sana, lakini havitendeki kwa wakati mmoja. Vyote hupita katika kiini kimoja cha prosesa.

Mchezo ulipotungwa, kasoro hiyo haikutisha, kwa sababu prosesa ziliongezeka kasi mwaka baada ya mwaka, na mtu aliweza kutumaini kwamba kalamu ya kesho itaandika upesi kuliko ya leo. Kisha, yapata katikati ya muongo ule wa 2000, ongezeko hilo likapungua sana. Watengenezaji wakaanza kutia viini vingi katika prosesa moja badala ya kukiharakisha kiini kimoja. Kwa wengine hiyo ilikuwa neema. Kwa mfumo mmoja wa nyota uliojaa watu wanaopigana, ilikuwa kama kuajiri walimu kumi na kuwapa kalamu moja.

Na watu wanapopigana, kazi haiongezeki kama watu waongezekavyo. Hapa niliichukua kalamu yangu mwenyewe. Wakiwa watu 100 mahali pamoja, na kila mmoja akafanya tendo moja, kila tendo sharti lijulishwe watu wote 100: habari 10,000. Wakiwa 1,000, habari ni 1,000,000. Wakiwa 3,000, ni 9,000,000. Watu wameongezeka mara thelathini, kazi imeongezeka mara mia tisa. Hakuna kalamu iwezayo kulikimbiza jambo hilo.

Zamani, kijana aliniambia, mhudumu akielemewa kila kitu kilivurugika bila ya utaratibu. Mtu alibonyeza mzinga ufyatuke, naye akangoja dakika kadhaa asijue kama amri yake imefika. Mwingine aliingia vitani akaona kioo cheusi, na kilipopata nuru alikuwa amekwisha kufa. Hakushinda aliyepanga vizuri. Alishinda aliyebahatika, ambaye amri yake ilitokea kuwa mbele katika foleni isiyoonekana. Watu walipoteza kazi ya miezi kwa bahati nasibu.

Mwaka 2011 wenye mchezo walitangaza dawa yao, na katika mwaka uliofuata ilikuwa ikitumika. Hawakupunguza watu, wala hawakugawa ulimwengu. Walirefusha wakati. Mhudumu hujipima mwenyewe daima. Akiona kazi ya sekunde moja haimaliziki ndani ya sekunde moja, huirefusha sekunde ya mchezo mpaka kazi iimalizike. Merikebu hupunguza mwendo, makombora hupunguza mwendo, mizinga huchelewa kujaa, na saa za mchezo nazo huchelewa kwa kiasi hicho hicho, kwa kila aliye katika mfumo ule, rafiki na adui. Mahali pengine angani, chini ya wahudumu wengine, saa huendelea kama kawaida. Mwisho wa kupunguza ni asilimia 10: sekunde moja ya mchezo huchukua sekunde kumi za saa ya ukutani. Pembeni mwa kioo hutokea alama kumwonyesha mchezaji asilimia iliyopo.

Sehemu moja ya kumi. Dakika thelathini za ukutani kwangu zilikuwa dakika tatu za ngome yake. Kumi kutoa tatu ni saba. Niliposhusha swichi, kijana alikuwa amenieleza ukweli mtupu, naye alikuwa amenieleza kwa usahihi wa dakika.

Nilimwuliza kama vita vya namna hiyo ni vya kawaida. Akanihadithia vita vya mfumo uitwao B-R5RB, vya tarehe 27 na 28 Januari 2014. Mwanzo wake ni mzuri kwa kuwafundishia vijana wanaosahau kulipa karo: kundi moja kubwa halikulipa ada ya kuumiliki mfumo huo kwa wakati, umiliki ukaanguka, na maadui wakaingia. Merikebu kubwa kuliko zote humo, ziitwazo Titani, ambazo huundwa kwa kazi ya watu wengi kwa muda mrefu, zilikusanyika pande zote mbili. Zaidi ya watu 7,500 walishiriki kwa jumla, na kwa wakati mmoja walifika 2,670. Saa ilishuka kwenye asilimia 10, ikakaa huko. Vita viliendelea takriban saa 21, mpaka vilipokatizwa na ile saa ya kila siku ambayo seva hufungwa kwa matengenezo, saa nane za mchana kwetu. Titani 75 ziliangamia. Waliopiga hesabu ya thamani ya hasara yote kwa fedha za kweli walikisia dola 300,000. Wenye mchezo waliyaacha magofu ya merikebu hizo yaelee pale pale yawe ukumbusho. Lakini mimi nilivutwa na hesabu nyingine. Saa 21 za ukutani, kwa mwendo ule, ni kama saa mbili tu za mchezo. Watu walilala kwa zamu, walikwenda kazini na kurudi, ili wapigane vita vya saa mbili.

Nikamwuliza pia kuhusu merikebu yake. Nilikuwa nimelichelewesha swali hilo kwa makusudi.

Alikuwa nahodha wa chombo cha kuganga. Kazi yake haikuwa kupiga, bali kukaa nyuma ya wenzake na kuzitengeneza merikebu zao zinapopigwa. Alikuwa amekichumia chombo hicho kwa biashara ndogo ndogo za ndani ya mchezo, kwa miezi minne. Umeme ulipokatika, hakikutoweka angani. Iko sheria kwamba aliyekwisha kujitia vitani hawezi kuponea kwa kukata waya. Chombo chake kitabaki palepale muda wa robo saa bila ya nahodha. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wadanganyifu, ambao wakiona wanashindwa huchomoa waya na kujisingizia umeme. Basi chombo chake kilielea hakigangi mtu, kikavunjwa, na wenzake wanne aliokuwa akiwaganga wakavunjwa baada yake. Ngome ilianguka. Alipoingia tena siku ya pili akawaeleza kuwa umeme ulizimwa, walimjibu kwamba kila mwoga hukatikiwa na umeme.

"Kwa hiyo huko nako," akasema, akiyatazama mapindo ya mkeka, "nimeitwa mwongo."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Kisha nilimwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mjomba kumwomba radhi mpwa wake, nasi watu wa rika langu hatukulizoea. Lakini nilikwisha kuisahihisha karatasi ile kwa kalamu nyekundu, na alama ya sahihi ilikuwa imekauka. Usiku huo nilimpigia simu dada yangu Malindi, nikamweleza yote, pamoja na sehemu moja ya kumi. Hakuielewa hesabu, lakini alielewa kwamba mwanawe hakusema uongo, naye akanyamaza kidogo kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Palibaki wale wenzake. Nikamwambia, "Niandikie watu wako." Akaketi mbele ya kompyuta, nami nikasimama nyuma yake nikimsomea maneno: kwamba mimi ni mjomba wake, kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba umeme haukukatika bali niliuzima kwa mkono wangu, naye alikuwa amenionya kwamba bado dakika saba. Majibu yalikuja kabla hatujala. Mmoja wao, Mpoland mwenye umri kama wangu, aliandika kwamba mama yake alipata kumfanyia hivyo hivyo zamani, na kwamba katika ngome mpya nafasi ya mganga inamngoja. Chombo hakikurudi. Kampuni haikuwa na sababu ya kukirudisha, kwa maana kosa halikuwa la mtambo wao, lilikuwa la mjomba. Nilijitolea kukilipia, akakataa. Alisema mambo mengine afadhali yachumwe upya.

Sitaki msomaji adhani kwamba dawa ile huponya kila maradhi. Mnamo Oktoba 2020 watu 6,557 walikutana kwa wakati mmoja katika vita vya FWST-8, na hesabu hiyo ikaandikwa katika vitabu vya Guinness. Mwisho wa mwaka huo huo, katika mfumo uitwao M2-XFE, ziliangamia Titani 257. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2021, majeshi yalirudi mahali pale pale kumaliza ugomvi, na mhudumu akaelemewa kabisa. Asilimia 10 ndiyo sakafu, na chini ya sakafu saa haina pa kushuka. Huko vurugu ya zamani hurudi kama ilivyokuwa. Wengi waliojaribu kuingia walipoteza merikebu kabla ya kuona lolote. Kijana, ambaye wakati huo alikuwa chuoni akisoma uhandisi wa kompyuta, alinieleza habari hizo kwa huzuni ya mtu anayesimulia msiba wa mtaani kwake. Nilimwuliza kwa nini wasiishushe sakafu mpaka asilimia 5, au 1. Akasema kwamba hata uvumilivu una hesabu yake: kwa asilimia 1, dakika kumi ni zaidi ya saa kumi na sita, na hakuna binadamu atakayekaa.

Likizo moja baadaye alikuja kukaa nami wiki mbili. Usiku wa tatu niliamka kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango. Safari hii nilibisha hodi. Alikuwa ameketi vile vile, visikilizio masikioni, na kwenye kioo zilikuwamo zile zile alama nyekundu na buluu zisizokwenda mahali. Niliinama nikatazama pembeni mwa kioo. Asilimia 10.

"Imebaki muda gani?" nikamwuliza.

"Dakika kumi na mbili, Mjomba."

Nilipiga hesabu kichwani. Nikaenda ukumbini kutazama mita ya umeme, nikaona kwamba uliosalia hautafika saa mbili. Basi nikarudi chumbani kwangu kuchukua simu, nikanunua tokeni.